Hatari ya kusude inafika usiku: namna ya kulinda atelye ya koperative



Tulipigiwa simu saa tatu ya usiku. Mama mmoja, mwanachama wa koperative ya mahindi na maharagi, alikuwa na mtoto wa miaka tisa anayelia macho. Hawezi kuyafungua, machozi yanatiririka, anasema ni kama kuko mchanga ndani. Mama aliogopa dawa ya kunyunyizia mahindi, kwa sababu siku ileile tulikuwa tumepita kwao kuonyesha namna ya kuitumia. Na sisi tuliogopa. Tuliuliza pompi iliwekwa wapi, nani alifungua chupa, mtoto aligusa nini. Hakuna kitu. Mwishowe tukauliza mtoto alishinda wapi.

"Alishinda paka pale kwa atelye, anaangalia wakisude mguu ya mashine."

Basi dawa haikuwa na kosa. Mtoto alikuwa amechomwa macho na mwangaza wa kuchomelea vyuma, na hakuna mtu aliyeona akichomwa. Wala yeye mwenyewe hakusikia maumivu mchana ule. Baada ya siku mbili alirudi shuleni, macho salama. Lakini sisi hatukuweza kusahau, kwa sababu koperative ile tuliisaidia kupanga atelye, tukahesabu bei ya posti na bei ya bageti, na hatukusema neno hata moja juu ya watoto wanaosimama mlangoni.

Sisi maagronomu tulisoma udongo, mbegu na magonjwa ya mimea. Miaka yote ya institute hakuna mwalimu aliyetuonyesha namna ya kushika bageti. Lakini koperative tunazotembelea leo hazilimi tu. Ziko na mashine ya kusaga, mashine ya kumenya kahawa, kamulio la mihogo, toroli, vichanja vya kukaushia, na vyote vinavunjika. Kubeba kipande cha mashine juu ya chukudu mpaka Birere, kungoja zamu, kulipa, kisha kukirudisha, inaweza kula siku mbili wakati wa mavuno. Ndiyo maana baadhi yenu mmeamua kuwa na atelye yenu wenyewe: posti moja, mashine ya diski moja, meza ya chuma na ufunguo mmoja. Ni wazo zuri, na hatuandiki hapa ili muifunge.

Tunaandika kwa sababu atelye ya wote haifanani na atelye ya mtu mmoja. Sudere anayekula kwa kazi yake anajua posti yake inavyonguruma, anajua kabeli gani imechubuka, na maski yake haimwazimi mtu. Katika atelye ya koperative wanaingia watu saba au nane kwa juma, kila mmoja na haraka yake. Maski ikivunjika kioo leo, mwenye kuivunja anaitundika palepale na kwenda. Na kuko jambo jingine. Jembe likikukata mguu, unaona damu palepale, na kesho unaangalia unapolima. Kusude si hivyo. Macho yanauma usiku, homa inapanda usiku, na hata moto mara nyingi unawaka watu wakiisha kufunga mlango na kurudi nyumbani. Ndiyo maana watu hawaunganishi ugonjwa na atelye, na kesho yake wanarudia vilevile.

Macho

Mwangaza wa bageti uko na sehemu tunayoiona na sehemu tusiyoiona. Ile isiyoonekana ni miale ya ultravioleti, ndugu ya ile ya jua inayochubua ngozi, lakini hapa chanzo kiko karibu nawe na kina nguvu sana. Inaunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho. Maumivu yanaanza baada ya saa sita mpaka saa kumi na mbili. Kama ulisude saa nne ya asubuhi, saa mbili ya usiku unaanza kutafuta mchanga ambao haumo.

Jicho lenyewe linapona kwa siku moja au mbili likiachwa lipumzike. Kitambaa safi chenye maji ya baridi, chumba chenye giza, kidonge cha parasetamoli, inatosha. Kinacholiharibu ni matibabu ya jirani. Tumeshaona watu wakiweka maziwa ya mama, maji ya kiazi, hata dawa ya meno. Vitu hivi vinaingiza uchafu katika jicho lenye kidonda. Kuko pia dawa ya matone ya kufisha ganzi, ambayo mtu anaweza kuipata akiomba vizuri. Inaondoa maumivu mara moja, na ndiyo sababu watu wanaipenda, lakini ikirudiliwa nyumbani inazuia jicho kupona na inaweza kuliharibu kabisa. Ni ya mganga kutumia mara moja anapopima, si ya kuweka mfukoni. Kama siku mbili zimepita na maumivu yapo, au unaona ukungu, au unajua kipande cha chuma kiliingia, usingoje: nenda hospitali.

Kinga ni kioo chenye namba. Kwa bageti ya milimita 2.5 au 3.2, ambazo ndizo tunazotumia kwa kazi zetu nyingi, tafuta kioo cheusi chenye namba 10 au 11 iliyoandikwa pembeni. Miwani ya jua si kinga, hata ukivaa mbili. Inapunguza ule mwanga unaoonekana, basi unaweza kuangalia muda mrefu bila kusumbuka, na yale mengine yanaingia pembeni yakiendelea kuunguza. Maski njema iko na vioo viwili: cheusi ndani na cheupe mbele yake, kinachopokea cheche. Cheupe ni cha bei ndogo na ndicho kinachochakaa. Kikijaa madoa, msudere anainua maski ili aone vizuri pa kuanzia, na hapo ndipo anapochomwa. Kwa hiyo maski ya zamani yenye kioo cheupe kipya ni bora kuliko maski mpya isiyooneka ndani.

Na wale wengine? Anayeshika kipande upande wa pili, mama aliyeleta jembe na anangoja, watoto wa mtaa? Hawa ndio tunaowaona zaidi wakiumia, kuliko yule mwenye maski. Weka kizuizi kati ya meza na mlango. Mabati ya zamani yanafaa, lakini yapake rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu bati linalong'aa linarudisha mwangaza kama kioo na kumchoma mtu kwa nyuma. Shitingi ya plastiki msiitumie: cheche zinaitoboa, kisha inashika moto. Mwenye kusude aseme kwa sauti "macho!" kabla ya kugusisha bageti. Katika atelye moja watoto wa mtaa walianza kupiga kelele ile wenyewe na kukimbia. Tulicheka, lakini ilisaidia kuliko mabango yetu yote.

Homa isiyo malaria

Jambo la pili linatusumbua zaidi, kwa sababu linafanana sana na malaria.

Mabati ya nyumba, mabomba ya maji, waya nyingi za uzio zimepakwa zinki ili zisipate kutu. Sisi tunaita galva. Ukiichoma galva kwa bageti, zinki inageuka moshi mweupe mzito, na pembeni ya mshono unabaki unga mweupe kama wa mihogo. Mtu akivuta moshi ule, mchana hasikii kitu zaidi ya kukohoa kidogo. Baada ya saa nne mpaka saa kumi anaanza kutetemeka. Homa inapanda, viungo vinauma, kiu inamshika, na mdomoni anasikia ladha ya chuma kama amenyonya sarafu. Kesho yake au keshokutwa amepona.

Sasa fikirini hapa kwetu. Mtu anatetemeka usiku, anasema nini? Anasema malaria. Anakunywa dawa iliyobaki ndani ya nyumba, kesho homa imeshuka, anasema dawa imefanya kazi. Juma linalofuata anasude tena galva, homa inarudi, anasema "malaria yangu ni sugu". Tumekutana na kijana aliyekunywa dawa za malaria mara nne kwa msimu mmoja, na mara zote nne alikuwa amefanya milango ya galva. Alituambia pia kwamba Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Hakukosea: mwili unazoea moshi ule kidogo siku za kazi, kisha unapopumzika Jumapili mazoea yale yanapotea, na Jumatatu unapigwa upya.

Lakini tusikimbilie upande mwingine. Kubaya zaidi ni mtu mwenye malaria ya kweli kusema "ni moshi tu, itapita". Malaria inaua. Kwa hiyo kila homa ipimwe kwenye kituo cha afya, na umwambie muuguzi wazi: "Jana nilisude galva." Neno hilo moja linamsaidia kuelewa kama vipimo havionyeshi malaria. Na kama pumzi inakuwa fupi, au kifua kinabana na hali inazidi badala ya kupungua, hiyo si homa ya kungojea nyumbani; kuko mioshi mingine ya vyuma na rangi inayoharibu mapafu kabisa.

Kuhusu maziwa. Kila atelye tunayoingia tunaambiwa kwamba ukinywa maziwa kabla ya kusude, sumu inatoka. Sisi tunapenda maziwa ya Masisi kama kila mtu wa Goma. Lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi unaenda mapafuni, hawakutani. Na vile vitambaa vya kufunika mdomo na pua vinazuia vumbi kubwa, moshi wa zinki unapita.

Kinachosaidia ni kutoa zinki kabla. Saga kwa diski sentimita tano kila upande wa mshono mpaka chuma kionekane, ukiwa nje na umefunika mdomo na pua. Kisha sude nje, upepo ukitoka ubavuni kwako, kichwa kikiwa pembeni ya moshi na si juu yake. Rangi ya zamani nayo iondolewe vilevile, kwa sababu baadhi yake iko na risasi. Na kama kazi inaweza kufanywa kwa bulonzi au riveti, fanya hivyo.

Hapa tuseme kitu cha kiagronomu. Silo ya mabati ya kuhifadhia mahindi haifai kusudewa kwa bageti hata kidogo. Bati lake ni jembamba, bageti inalitoboa. Zinki inaungua, na pale ilipoungua kutu inaingia kwa msimu mmoja. Tundu la ukubwa wa kichwa cha sindano linatosha kuharibu hewa iliyofungwa ndani, na wadudu waliokuwa wafe wanaendelea kuzaana. Silo inafungwa kwa kukunja mabati na kuziba mikunjo kwa risasi na bati la kuyeyusha. Ni kazi ya fundi wa mabati. Mpelekeeni.

Pipa tupu

Mengine yote yanachelewa, hili halichelewi.

Wazee wa Goma wanakumbuka Januari 2002. Siku chache baada ya Nyiragongo kumwaga moto ndani ya mji, kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa ndani wakichota, na makumi walikufa. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, Kivu ya Kusini, lori ya mafuta ilianguka na kuwaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Tunayakumbusha haya kwa uzito, kwa sababu kila mtu hapa anajua esansi ni nini, na bado tunaona pipa la mafuta likiwekwa juu ya meza ya kusude kwa sababu "haina kitu ndani".

Kinacholipuka ni mvuke. Pipa lililojaa esansi halina nafasi ya mvuke kuchanganyika na hewa. Pipa tupu liko na nafasi yote. Matone machache yaliyobaki katika mkunjo wa chini yanatosha. Mazuti nayo watu wanaidharau kwa sababu haishiki moto haraka ikiwa baridi, lakini bageti inaipikisha ndani ya mkunjo mpaka itoe mvuke kama esansi. Kuosha kwa sabuni na maji hakuhakikishi kitu, kwa sababu huwezi kuona ndani ya mkunjo.

Kwa hiyo sheria yetu katika hili haina "lakini". Pipa, bidoni au tangi ya pikipiki iliyobeba esansi, mazuti, mafuta ya injini, rangi, au kitu kisichojulikana, haisudewi na haikatwi kwa diski katika atelye ya koperative. Anayehitaji nusu pipa la kunyweshea mifugo alioshe, alijaze maji mpaka karibu na pale anapokata, alikate kwa tindo na nyundo, taratibu, nje. Inachukua asubuhi nzima. Sawa. Na pipa lililobeba dawa za kilimo lisikatwe wala kupashwa moto kwa namna yoyote. Moshi wake ni sumu, na halifai kuwekea maji wala chakula hata likioshwa mara kumi.

Karibu na hili kuko tangi na mashimo. Mtu akiingia ndani ya tangi kubwa la maji kuziba tundu, moshi hauna pa kutokea na hewa safi haina pa kuingilia. Hata kabla ya kuwasha posti, tangi la chuma lililofungwa muda mrefu linaweza kuwa halina hewa ya kutosha, kwa sababu kutu inakula oksijeni. Kwetu hatuhitaji maelezo marefu. Kila mtu kati ya Goma na Sake anajua mazuku, ule upepo mbaya unaolala katika mabonde ya mawe karibu na ziwa, ambako mbuzi anaingia na hatoki, na mwenye kumfuata naye hatoki. Tangi lililofungwa ni mazuku ya kujitengenezea. Msiingie. Kateni kipande, kitoeni nje, au badilisheni tangi. Na mkiona mtu ameanguka ndani, msimfuate mkiwa na haraka ya upendo: vuteni kwa kamba mkiwa nje.

Moto wa jioni

Cheche za kusude na za diski zinaweza kuruka mpaka mita kumi. Zinajificha katika nyufa za mbao, katika magunia, katika maganda ya kahawa, na zinaweza kukaa zikivuta polepole muda mrefu kabla ya kutoa ulimi wa moto. Mitaa yetu mingi ni nyumba za mbao zilizobanana. Atelye ikiwaka saa mbili ya usiku, haiwaki peke yake, na kama depo ya mahindi iko ukuta kwa ukuta, msimu wa kila mwanachama unaondoka pamoja nayo.

Tunashauri hivi: bageti ya mwisho saa kumi, mlango ufungwe saa kumi na moja. Saa ile moja katikati ni ya kufagia, kupanga, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuzunguka, kugusa mbao kwa mkono, kunusa. Ndoo mbili za mchanga zikae karibu na meza. Mchanga wa volkano hatununui. Maji yawepo pia, lakini si kwa moto wa umeme wala wa mafuta. Magunia, esansi ya grupu na bateri za umeme wa jua zinazochajiwa zisikae chumba kimoja na posti. Bateri za asidi zikichajiwa zinatoa gesi inayolipuka kwa cheche moja.

Nguo zinaingia hapa pia. Suruali ndefu ya pamba iliyoshuka juu ya kiatu, glavu za ngozi, kiatu kilichofungwa. Jezi ya mpira wa miguu inayeyuka na kushikamana na ngozi. Kandambili tumeziona sana, na makovu juu ya nyayo vilevile.

Umeme na diski

Posti nyingi tunazoziona zimetengenezwa hapahapa, waya wa shaba umezungushwa kwa mkono. Hatudharau kazi hiyo. Mafundi wengine wanaifanya vizuri. Lakini posti yoyote, hata ya dukani, ikiwa imewashwa na haisude, inatoa volti kama 50 mpaka 80 kwenye mkono wa bageti, na hiyo inatosha kumpiga mtu aliyelowa jasho au aliyesimama juu ya maji. Na katika posti ambayo ngozi ya waya imeungua ndani, volti 220 za ukutani zinaweza kufika mkononi. Ikianza kunusa kama varnishi inayoungua, zimeni, na mwiteni fundi. Wakati wa mvua msisude nje, wala chini ya paa linalovuja. Simameni juu ya ubao mkavu. Kibano cha masi kifungwe kwenye kile chuma kinachosudewa, karibu na mshono, si kwenye fremu ya atelye.

Kuko tatizo ambalo ni letu. Fundi wa umeme anapoambiwa aweke waya wa ardhini, anapiga fimbo ya chuma chini. Hapa Goma fimbo inakutana na lava. Jiwe lile kavu halipitishi umeme vizuri, na tumeona fimbo iliyoingia sentimita thelathini tu, imefunikwa na kokoto ili ionekane imeingia. Muulizeni fundi wenu amepata udongo wapi, na kama amepima. Na wekeni dijonktere inayokata umeme yenyewe pale unapovuja.

Mashine ya diski inaumiza haraka kuliko posti. Kosa ni moja karibu kila mahali: watu wanaondoa kifuniko ili waweke diski kubwa juu ya mashine ndogo. Mashine ndogo ya diski ya milimita 125 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 imeandikwa isizidi mara 6,600. Ikipasuka, kipande kinaruka usoni au shingoni mwa anayeishika, na hakuna maski ya kusude iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kifuniko kibaki. Diski ya kukata isitumiwe kusaga kwa ubavu. Na someni ile pete ya chuma katikati: diski nyingi ziko na tarehe ya kuisha.

Nani ashike ufunguo

Yote hayo yanaweza kuandikwa ukutani na yasifuatwe. Tumeona mabango mazuri sana juu ya atelye hatari sana.

Tunachoona kinafanya kazi ni mtu mmoja mwenye ufunguo, na daftari moja lililofungwa kwa kamba juu ya meza. Mwenye ufunguo si lazima awe sudere mkubwa. Awe mtu anayekuwepo. Katika daftari kila anayeingia anaandika jina, kazi, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na kitu kilichovunjika. Siku mwanachama anapougua usiku, daftari linasema alisude nini. Pale tulipolipata daftari hili ndipo tulipogundua Jumatatu za yule kijana.

Lakini ufunguo una shida yake, na tuiseme bila kuificha. Mara nyingi anapewa kijana. Halafu anakuja mzee, au prezida wa koperative mwenyewe, na pipa lake. Kijana anajua pipa lile lilibeba mazuti. Atamwambiaje baba wa umri wa baba yake "hapana"? Hawezi, kwa adabu aliyolelewa nayo. Basi msimwache peke yake. Mkutano mkuu uandike katika kanuni za ndani kwamba mwenye ufunguo anaweza kukataa kazi ya mtu yeyote, na prezida awe wa kwanza kutia sahihi. Hapo kijana hakatai mzee. Anaonyesha karatasi, na mzee anajua kwamba karatasi ile aliisaini yeye. Tuliona prezida mmoja akirudishwa na pipa lake namna hiyo. Alikasirika mpaka barabarani, kisha akarudi kuazima tindo.

Pesa. "Kila mtu alete maski yake" haifaulu, kwa sababu mwenye kazi ya dakika kumi hataleta, ataazima miwani. Maski, glavu na miwani ya wazi ya kusagia viwe mali ya koperative, na kila kazi ilipe kitu kidogo katika kesi ya atelye, hata kama aliyesude ni mwanachama. Kiasi gani, mkutano uamue. Mkipandisha sana watu watarudi kusude nyumbani kwao kati ya vitanda. Mtunza pesa aonyeshe kesi ile peke yake, isichanganywe na pesa ya mbegu.

Kama pesa haitoshi kwa vyote, sisi tungenunua kwa mpangilio huu: vioo vyeupe na vyeusi vya akiba, kisha maski ya pili kwa ajili ya anayeshika kipande, kisha miwani ya diski, kisha glavu. Dijonktere ije kabla ya posti kubwa zaidi. Kizuizi cha mabati ya zamani na ndoo za mchanga havihitaji kesi, vinaweza kuwekwa Jumamosi hii. Katika ziara yetu ijayo tutapita na yule fundi wa umeme anayeweza kupima waya wa ardhini. Koperative zinazotaka apite kwao zitume neno kwa mwangalizi wao wa eneo kabla ya mwisho wa mwezi, na ziseme kama atelye iko juu ya lava au juu ya udongo.